Turbo mbili kwenye Land Cruiser pikapu ya 1HZ: nifunge mfumo upi?

Viazi_Kitulo

Wakuu, habari za kazi.

Nina Land Cruiser 79 pikapu ya mwaka 2008, injini 1HZ, dizeli isiyo na turbo. Haijawahi kufunguliwa na oili nabadilisha kwa wakati. Kazi yake ni kupandisha mbolea kutoka Chimala kwenda Matamba, mara nyingine mpaka Kitulo, kisha inashuka na viazi. Wanaoijua barabara ile ya kona 57 hawahitaji maelezo. Nikishapita kona za mwanzo naingia gia ya pili na hapo sitoki tena. Mguu uko sakafuni, mshale wa tempe unaanza kunyanyuka, moshi mweusi umetanda nyuma, na Canter yenye turbo ya kuisukumia injini hewa, iliyobeba mzigo mkubwa kuliko wangu inanipigia honi nipishe.

Kuna fundi Mbeya ananishauri nifunge turbo mbili, ndogo na kubwa. Anasema ndogo itashika mizunguko ya chini, kubwa itashika juu, na vifaa anaagiza kwa mtu anayeleta spea kutoka Sharjah. Fundi mwingine anasema ziwe mbili zinazolingana. Nimetenga milioni 9. Naomba mnisaidie: mfumo upi, presha kiasi gani, na je, injini itahimili? Gari hili ndilo linalolipa ada za watoto, siwezi kulilaza gereji miezi.

Kiprono_wa_Ranger

Mimi niko Eldoret, naendesha Ranger ya 2.0 Bi-Turbo. Turbo mbili kutoka kiwandani, ndogo na kubwa. Injini ni ya lita 2 tu lakini inatoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 500, na nikipanda Timboroa nikiwa na trela la ng'ombe sihisi kama nimebeba kitu. Kwa hivyo usiogope turbo mbili, teknolojia yenyewe ni nzuri sana. Ila yangu imetengenezwa hivyo tangu mwanzo, gari ya kuongezea sijui itakuwaje. Wacha mafundi waseme.

Fundi_Makambako

Mkuu Viazi, usitoe hela kwanza. Hizi 1HZ ndizo mkate wangu, na ninachokuomba ukielewe ni kimoja: ni kweli injini yako inakosa hewa, lakini siku ukiipa hewa, kitakachoiua ni joto. Turbo mbili zitaleta joto ambalo hedi yako, kile kifuniko cha juu ya silinda, haiwezi kulibeba.

Tuanze na hewa. Pwani presha ya hewa ni bar 1. Kitulo, juu ya mita 2,600, unabaki na kama 0.74. Maana yake injini yako ya cc 4,164 ikiwa kule inavuta hewa sawa na injini ya lita 3 iliyoko Dar. Pampu nayo, kama haina kile kifaa cha kurekebisha mwinuko, haijui kwamba umepanda mlima. Inamwaga dizeli ile ile, hewa ya kuichoma haipo, ndiyo huo moshi mweusi. Sasa funga turbo moja ndogo, iwekee 8 psi tu, ambayo ni kama bar 0.55. Jumlisha na 0.74 unapata 1.29. Hapo umeshaipita hewa ya Dar ukiwa Kitulo, na ni robo tatu zaidi ya unayopata leo. Tatizo lako limeisha kwa turbo moja na hujagusa hatari yoyote.

Hizo mbili ziko za aina tofauti na watu wanazichanganya. Land Cruiser 200 ya V8 dizeli ina mbili kwa sababu injini ina pande mbili, kila upande na turbo yake. Ya kwako ina silinda sita kwenye mstari mmoja, kwa hiyo anayekwambia ufunge mbili zinazolingana anakuongezea mabomba na sehemu za kuvujisha oili. Aina ya pili ni hiyo ya ndugu yetu wa Eldoret. Pale kompyuta ndiyo inayofungua na kufunga milango kati ya ndogo na kubwa kulingana na mizunguko. 1HZ haina kompyuta ya kufanya kazi hiyo. Aina ya tatu, ambayo nadhani ndiyo anayoifikiria fundi wa Mbeya, ni kubwa kukandamiza hewa halafu kuipeleka kwa ndogo ikandamizwe tena. Hapo hesabu haijumlishwi, inazidishwa. Kubwa ikikandamiza mara 2 na ndogo mara 2, hewa imekuwa mara 4 kabla haijafika kwenye silinda. Halafu pistoni za 1HZ zinaikandamiza kwa uwiano wa 22.4 kwa 1. Injini ndugu yake iliyozaliwa na turbo, 1HD-FT, ni 18.6. Toyota hawakupunguza namba hiyo kwa bahati mbaya.

Kingine, 1HZ haichomi mafuta juu ya pistoni moja kwa moja. Nozo inapuliza kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi, moto unaanzia humo, ndipo unatokea kwenye tundu kwenda kwenye silinda. Kwa hiyo joto linakaa kwenye hedi. Nililetewa moja iliyokuwa imefungwa turbo kubwa, inasukuma 16 psi, pampu imefunguliwa mafuta kwa kukisia, hakuna geji hata moja. Mwenyewe analalamika gari linakunywa maji na chini hakuna tone. Nikafungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ya baridi, nikawasha: mapovu yakaanza kupanda pale pale. Tuliposhusha hedi na kuipaka ile dawa nyekundu ya kupima ufa, mstari mwembamba kama uzi ukajichora kutoka kiti cha vali ya exosti mpaka kwenye mdomo wa chemba. Silinda ya jirani nayo ina wake. Hedi ile haikuchomeleka.

Kwa hiyo ushauri wangu: turbo moja, ndogo, inayoanza kusukuma kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, kwa sababu kwenye zile kona ukiachia mguu mizunguko inaanguka na huko chini ndiko unakohitaji nguvu. Turbo kubwa itakuamkia ukiwa umeshafika kona inayofuata. Presha 7 hadi 8 psi, usizidishe hata gari likikuonjesha utamu. Exosti ya inchi 3 kutoka kwenye turbo mpaka nyuma, maana moshi ukikwama joto linarudi kwenye hedi. Na kabla ya vyote hivyo, nunua geji ya joto la moshi. Kipimo chake kitobolewe kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda, kabla ya turbo. Wengi wanakifunga baada ya turbo, wanasoma namba ndogo, wanajipa moyo, na huku ndani ni nyuzi 100 na zaidi juu ya wanachokiona. Mimi kwenye 1HZ mteja wangu namwambia mlimani asikae juu ya nyuzi 650. Akiona inafika, apunguze mguu au ashushe gia.

Pampu usimpe anayefungua skrubu kwa kusikiliza mlio. Pampu ya 1HZ haina ile kofia yenye diaframu inayosoma presha ya turbo, ambayo 1HD-T, injini ndugu yake yenye turbo, inayo. Ukiifungua mafuta kwa nguvu, itayamwaga hata kabla turbo haijazunguka, na moshi wako utazidi ule wa sasa. Mpelekee fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, akufungie hiyo kofia na aipange.

Dallas_Mtanzania

Niko Texas, navuta matrela ya magari kwa pikapu ya Ram yenye injini ya dizeli ya Cummins. Huku turbo kubwa kulisha ndogo ni kitu cha kawaida, watu wanaacha ile ya kiwandani na kuweka kubwa chini yake, na kwa kuvuta mzigo mzito ni mfumo mzuri mno: joto la moshi linashuka kwa sababu hewa ni nyingi. Ford wenyewe waliutoa kiwandani kwenye injini yao ya dizeli Power Stroke 6.4, miaka ya 2008 hadi 2010. Lakini namuunga mkono fundi. Cummins inapuliza mafuta juu ya pistoni moja kwa moja, na wanaosukuma presha kubwa wanabadilisha mpaka stadi za hedi, klachi na giaboksi. Hiyo milioni 9 ingeishia kwenye mabomba. Tena huku tunatafuta nguvu za farasi 500 na kuendelea. Wewe unataka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu.

Viazi_Kitulo

Fundi, asante sana, hesabu ya hewa nimeielewa kuliko nilivyowahi kuelezwa. Nina maswali. Intakula, kile kipoza hewa ya turbo, niweke au nisiweke? Nikishuka na viazi, turbo itanisaidia kushika gari? Na kuna jamaa ana injini 1HD-T kutoka Dubai, je, si bora nibadilishe injini nzima?

Fundi_Makambako

Nianze na la kushuka kwa sababu ndilo linaloua watu. Turbo haitakusaidia kushika gari hata kidogo. Utashuka na gia ile ile uliyokuwa unashukia, breki zile zile. Na nikuombe kwa dhati, nguvu ya kupanda isikushawishi kuongeza magunia. Springi, breki na tairi havijapewa turbo.

Intakula: kwa 8 psi ukiwa Kitulo, hewa inatoka kwenye turbo ikiwa imepanda kama nyuzi 70 juu ya hewa ya nje, kwa hiyo ikiwepo ni nafuu. Lakini mwendo wako mlimani ni wa polepole. Ile ya juu ya injini, yenye tundu kwenye boneti, haitapata upepo, itageuka jiko. Ya mbele ya rejeta inapata upepo wa feni, ila chagua nyembamba isiizibe rejeta. Na huo mshale wa tempe unaonyanyuka sasa hivi usiuvumilie: rejeta isafishwe ndani, klachi ya feni iangaliwe. Ukifunga turbo juu ya gari ambalo tayari linachemka, utanilaumu bure.

1HD-T ni injini nzuri na ndiyo ningeichagua mimi kama hela ingetosha. Inakaa kwenye mabano yale yale, giaboksi yako inaingia, na kiwandani ilitoka na turbo moja na kama Nm 360, wakati 1HZ ni 285 hivi. Tatizo ni kwamba injini ya mtumba hujui ilikolala. Usiinunue kwa kuisikia ikinguruma. Mwambie muuzaji afungue sampu ya oili mbele yako, uone metali za konrodi kama zimelika. Akikataa, ondoka. Namba ya injini nayo iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo TRA lazima wahusishwe, usije ukakamatwa njiani na mzigo wa watu.

Kama hedi yako haijawahi kuguswa na haili maji, mimi ningebaki na 1HZ na turbo moja. Vifaa vya turbo vya 1HZ kutoka Australia ni vizuri kwa sababu manifoldi yake imetengenezwa kwa injini hii. Ile ya kuchomelea gereji hupasuka kwenye maungio kwa joto la mlima. Na ukifika juu usizime gari papo hapo. Liache lingurume taratibu bila kukanyaga mafuta dakika mbili tatu, oili ipoze shafti ya turbo. Oili badilisha kila kilomita 5,000, usiniambie habari ya 10,000.

Kabla hujaagiza chochote, pima kompresheni, yaani presha ya kukandamiza, silinda zote sita injini ikiwa ya moto. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mpango wote unabadilika. Pia angalia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini.

Viazi_Kitulo

Mkanda nilibadilisha mwaka jana. Jumatatu napeleka gari kwa fundi pampu Mbeya, kompresheni ipimwe na rejeta ishushwe. Namba nitaziweka hapa hapa. Yule wa turbo mbili nimeshampigia simu asiagize.