Glavu zipo, boksi lipo, mbona bado watu wanajichoma sindano?

Swali: Habari wakuu. Wahudumu wengi kituoni wanajichoma baada ya kumtoa mgonjwa damu, wakati wa kurudisha kifuniko au kujaza chupa ya sampuli. Tubadilishe nini? Na aliyejichoma aanze na nini?

Jibu 1: Angalia kwanza boksi la usalama, lile la kutupia sindano, limewekwa wapi. Likiwa kona ya chumba, mhudumu anatembea na sindano wazi, ndiyo maana anaona heri airudishie kifuniko. Liwe pale mkono unapofika bila kusogeza mguu. Sindano iingie pamoja na bomba lake, bila kuchomoa wala kupinda. Likifika robo tatu, lifunge. Ukizidisha, inayofuata inakwama, mtu anaisukuma kwa kidole, na chini yake kuna ncha zimeelekea juu.

Chupa ya sampuli usiishike mkononi. Isimamishe kwenye kishikio, toboa kizibo kwa mkono mmoja, uache ivute damu yenyewe. Ukilazimisha bomba, sindano huteleza pembeni mwa kizibo, na pembeni ndipo vilipo vidole.

Jibu 2: Akijichoma: maji yanayotiririka na sabuni, basi. Asikamue, asinyonye, asimwagie klorini, inaunguza nyama. Damu ikiruka machoni, suuza kwa maji safi si chini ya dakika 10. Kisha atoe taarifa zamu hiyohiyo, tafadhali, asingoje kesho! PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma, inafaa zaidi ikianza saa za mwanzo. Mwisho ni saa 72, na humezwa siku 28 bila kuruka.

Jibu 3: Msisahau homa ya ini B. Kwa sindano yenye damu ya mwenye VVU, hatari ya kuambukizwa ni kama 0.3%. Kwa B, kama hujachanjwa, ni kati ya 6% na 30%, na kirusi chake hukaa hai kwenye damu iliyokauka hata siku 7. Chanjo ni dozi 3: leo, mwezi 1, mwezi wa 6. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho pima kingamwili, zifike 10 mIU/ml au zaidi. Homa ya ini C haina chanjo.

Muulizaji: Ahsanteni. Kuvaa glavu mbili kunasaidia?

Jibu 1: Ncha inapita zote mbili. Glavu hufuta sehemu ya damu iliyo nje ya sindano, kwa hiyo vaa, ila boksi ulisogeze kwanza.