Uvimbe wa taya: OPG tumeshapiga, kwa nini tena CT-Scan?

Binti Mzigua

Shikamooni wakubwa, na habari kwa wengine wote. Naomba msaada wenu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19. Mwaka juzi alianza kuvimba taya la kushoto, kule nyuma kwenye magego. Hakuwa na maumivu, tukadhani ni jino tu. Zahanati moja wakamng'oa gego, baada ya miezi minne wakang'oa lingine, uvimbe uko palepale. Hakuna aliyempiga picha. Linaniuma hadi leo, maana kila alipong'olewa jino mama alishukuru Mungu akijua limeisha.

Mwezi uliopita daktari wa meno wa hospitali ya mkoa alimpapasa shavu kwa dole gumba, akachungulia mdomoni, akaandika OPG papo hapo, ile picha moja ya mionzi ya meno na taya zote. Picha ikatoka: taya la kulia safi, la kushoto lina matundu meusi yameshikana kama povu la sabuni, yamepanda hadi karibu na sikio. Sasa tuna rufaa ya Muhimbili na tumeambiwa tuende na CT-Scan. Mama hataki kusikia. Anasema mionzi imempiga mara moja, ikimpiga tena itauamsha uvimbe. Je, picha tuliyonayo haitoshi? Na mama nimwambieje?

Mpigapicha wa Dodoma

Pole sana dada, na mama mpe pole yangu. Kupiga picha za mionzi ndiyo kazi yangu, mwaka wa 14 huu. Naomba umsomee haya taratibu.

OPG ni picha nzuri ya kuanzia. Mdogo wako alisimama, akang'ata kijiti cha plastiki, mashine ikamzunguka kichwa kwa sekunde kama 15. Bila shaka aliambiwa avue mkufu na abandike ulimi juu kwenye kaakaa. Ulimi ukishuka, hewa inayobaki pale inaweka kivuli cheusi juu ya mizizi ya meno ya juu, na nimeshawarudisha wengi kwa hilo tu. Lakini taya ni la mviringo, na OPG inalikunjua na kulilaza bapa, kama mkeka uliokuwa umeviringishwa ukatandikwa sakafuni. Unaona uvimbe umekwenda mbele na juu kiasi gani. Umesukuma kuelekea ulimini kiasi gani, huoni. Umetoboa ganda la mfupa ukaingia kwenye nyama, huoni pia. Na hayo ndiyo daktari wa upasuaji anayotaka kuyajua kabla hajashika kisu. CT-Scan inampa taya hilo vipande vyembamba vyembamba, vya kulala na vya kusimama, mgonjwa akiwa amelala tu kitandani.

Kuhusu mionzi, mama ana haki ya kuuliza. Duniani kila mtu hupata mionzi ya asili, ya ardhini na angani, wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka (milisivati ni kipimo cha mionzi). OPG moja ni sawa na siku chache za mionzi hiyo. CT-Scan ya kichwa ni kubwa zaidi, karibu milisivati 2, yaani kama miezi kumi. Ndiyo maana hatupigi ovyo, tunapiga pale ambapo jibu litabadilisha matibabu, na hapa litabadilisha. Mionzi ya picha inapita na kuisha, haibaki mwilini, wala haiuamshi uvimbe uliopo. Kilichompotezea muda mdogo wako ni kung'olewa meno bila picha.

Jambo moja nalisisitiza: picha haitaji jina la ugonjwa. Povu la sabuni humfanya daktari afikirie ameloblastoma, uvimbe unaokua polepole bila maumivu, lakini zipo vimbe nyingine zinazofanana nao kwenye filamu. Jina litatoka maabara, baada ya kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe. Msikubali kukatwa taya kwa picha peke yake.

Baba Neema

Dada, mimi nimepita njia hiyo hiyo, taya la kulia. Kwa kutumia ile CT-Scan walinitengenezea mfano wa taya langu wa plastiki. Nikaushika mkononi, nikaona mwenyewe shimo lilipofika. Kile chuma cha kuunganishia walikikunja kwenye ule mfano kabla hata sijaingia chumba cha upasuaji. Mwambie mama nakula ugali.

Kijana wa Kange

Samahani kuingilia. Mimi taya linalia kwenye kiungo mbele ya sikio kila nikipiga mwayo. Nami nikapige CT-Scan?

Mpigapicha wa Dodoma

Hapana, mdogo wangu. Mlio huo mara nyingi ni wa kile kisahani laini kilicho ndani ya kiungo, na CT-Scan huonyesha zaidi mfupa. Kisahani kinaonekana kwa MRI, picha inayotumia sumaku, hupigwa mdomo ukiwa umefungwa, kisha ukiwa wazi. Hiyo haina mionzi kabisa. Ila kama huumwi na mdomo unafunguka vizuri, huenda usihitaji picha yoyote. Anza kwa daktari wa meno.

Binti Mzigua

Asanteni sana. Nimemsomea mama yote jana usiku, na ya Baba Neema alitaka nirudie mara mbili. Amekubali, tunasafiri Jumapili. Ameuliza kitu kimoja tu: mdogo wangu ana hirizi shingoni, ya marehemu babu, imefungwa kwenye kibati. Lazima aivue?

Mpigapicha wa Dodoma

Aivue dada. Bati likiwa shingoni linatupa mistari myeupe kwenye picha, na mistari hiyo inaweza kuangukia palepale penye uvimbe. Mama aishike mkononi pale nje ya mlango. Akitoka tu, amvalishe.