Mazoezi ya umakinifu kwa wahudumu wa simu: nipange vipi yasigeuke mzigo mwingine?

Msimamizi14
Habari za kazi, wakuu. Nasimamia kitengo cha huduma kwa wateja kwa simu hapa Dar: wahudumu 14, kila mmoja simu kama 60 kwa zamu. Mteja akipiga, mara nyingi ameshachemka. Ikifika saa tisa alasiri sauti zimekauka na majibu yamekuwa ya mkato, na maombi ya ruhusa kwa ajili ya kichwa kuuma hayaishi.

Uongozi unataka tuanze mazoezi ya umakinifu, haya ya kukaa na kufuatilia pumzi. Pendekezo lililopo ni dakika 20 kila siku saa 7:30 mchana, chumba cha mikutano, wote lazima, macho yafumbwe, rekodi ichezwe kwenye spika. Nataka jambo hili lifanikiwe, ila kwa mpango huu sidhani kama litamaliza mwezi. Nirekebishe wapi? Na wanaouliza kama hii ni ibada ya Kibudha niwajibu nini?

Pumzi Ndefu
Mkuu, anza na saa. Saa 7:30 watu wametoka kula. Wafumbishe macho dakika 20 na nusu yao watasinzia, waamke wazito kuliko walivyoingia. Weka kabla ya zamu au katikati ya asubuhi, dakika 10, mara tatu kwa wiki. Mafunzo kamili ya umakinifu aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts ni ya wiki 8: darasa la saa mbili na nusu kila wiki, siku moja ya ukimya, na dakika 45 nyumbani karibu kila siku. Usiwaahidi watu matokeo ya kozi hiyo kwa dakika zako 10.

Kingine ni jina. Mkiliita zoezi la "kutuliza akili", ambaye akili yake inarukaruka ataona ameshindwa dakika ya pili tu. Kazi yenyewe ni kuzingatia: unafuata pumzi, akili inamkimbilia mteja wa asubuhi, unagundua imekimbia, unairudisha. Pale unapogundua ndipo zoezi lilipo. Ikikimbia mara 50 ukairudisha mara 50, umefanya zoezi mara 50.

Lakini kwa watu wa simu faida kubwa iko kwenye ile dakika moja baada ya simu mbaya. Simu imekatika, mwili haujui kwamba imekatika: meno yameumana, mabega yamepanda karibu na masikio, vidole vimekamata kipanya kwa nguvu. Simu inayofuata inapokelewa na mwili ule ule, na mteja asiye na kosa ndiye anayelipa. Basi mkono utoke kwenye kipanya, nyayo zote mbili zikae sakafuni. Avute hewa puani kwa hesabu ya nne, aitoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara tatu. Hiyo ni nusu dakika. Kisha ajiambie kimoyomoyo, kwa neno moja, kilichomshika: hasira, aibu, woga. Alegeze taya, ashushe mabega, ndipo apokee. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kidogo tunapotoa hewa.

Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi kwa nguvu, kifua kinapanda. Hapo hewa ya ukaa inapungua mno kwenye damu, mtu anapata kizunguzungu na vidole vinaingia ganzi, halafu anasema zoezi limemzidishia wasiwasi. Na kweli limemzidishia. Mwambie avute hewa kidogo, kama mtu anayenusa chai.

Mama Ajira
Naongezea upande wa kazi yenyewe. Angalia mfumo wenu wa simu. Mingi hupangwa ilete simu nyingine sekunde chache tu baada ya ile kukatika. Ukimwambia mhudumu apumue nusu dakika, huku mfumo unamletea simu sekunde ya tano na ripoti ya jioni inamhesabia kachelewa, umempa amri mbili zinazogombana, na ataitii ile yenye ripoti.

Nenda kwa uongozi na hesabu. Nusu dakika baada ya kila simu, kwa simu 60, ni dakika 30 kwa mhudumu. Kwa watu 14 ni saa 7, karibu zamu nzima ya mtu mmoja. Watakataa. Omba badala yake kitufe cha pumzi, cha kuzuia simu mpya kwa dakika moja, kwa simu mbaya tu. Wakikibonyeza mara 6 kwa zamu ni dakika 84 kwa kitengo kizima. Hapo mtaelewana, ila sharti kitufe kisiguse tageti wala kutajwa kwenye tathmini. Siku kitakapotajwa mara moja tu, hakuna atakayekibonyeza tena.

Na hizo dakika 20 za saa 7:30 zinatoka wapi? Kama zinamegwa kwenye muda wa chakula, hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 23, inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Zoezi la lazima ni kazi, liingie kwenye saa za kazi.

Kuhusu kama linasaidia: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 kuhusu afya ya akili kazini unayataja mazoezi haya, lakini pamoja na kurekebisha mpangilio wa kazi na kuwafundisha mameneja. Mwaka 2024 mtafiti William Fleming alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa Uingereza. Walioshiriki programu za afya ya akili zinazomlenga mtu mmoja mmoja, umakinifu ukiwemo, kwa jumla hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Takwimu zake zilichukuliwa kwa wakati mmoja, hazikumfuata mtu kabla na baada, kwa hiyo hazithibitishi kwamba mazoezi hayafai. Zinatosha kukuonya usiyategemee peke yake huku foleni ya simu ikibaki ile ile.

Mnasihi wa Pwani
Kuhusu dini, sema ukweli. Mzizi ni tafakuri ya Kibudha. Kilichopelekwa hospitalini na Kabat-Zinn hakina sala wala nadhiri. Ukisema "haina uhusiano wowote", atakayesoma mtandaoni jioni atakuona mwongo. Kisha ondoa vinavyofanana na ibada: kengele, kukunja miguu chini, kukutanisha viganja, udi. Viti vya kawaida vinatosha. Asiyetaka apewe dakika zile zile atembee au akae kimya, asiulizwe sababu. Na saa 7:30 hiyo, Ijumaa wengine watakuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka msikitini. Kuna zoezi maarufu la kutafuna zabibu kavu moja polepole. Ramadhani na Kwaresima liache.

Macho yawe hiari. Aliyepitia ajali, kipigo au msiba wa karibuni anaweza kurudiwa na picha akifumba macho na kufuata pumzi. Mpe pengine pa kuweka fikra: nyayo sakafuni, mlio wa feni. Akianza kutetemeka usimwambie aendelee kupumua. Afumbue macho, ataje vitu vitano anavyoviona, atoke nje na mwenzake. Anayesema amechoka kuishi asipangiwe zoezi lolote. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Msimamizi14
Ahsanteni sana. Naanza na kitufe, kisha dakika 10 za asubuhi, kwa hiari. Swali la mwisho: nani aongoze, na aseme nini?

Pumzi Ndefu
Rekodi iache. Aongoze mhudumu mwenzao, si wewe, maana wewe ndiye unayejaza tathmini zao. Asome kwa sauti yake ya kawaida, bila kubembeleza:

"Kaa mgongo ukiwa wima, nyayo sakafuni. Macho yafumbe, au tazama chini." Kimya dakika 2. "Sikia pumzi inapopita, puani au tumboni. Usiibadilishe." Dakika 4. "Akili ikiondoka, iangalie ilikokwenda, irudi." Dakika 3. "Sasa sikiliza sauti za chumba hiki." Dakika 1. "Inua macho. Tumemaliza."

Anayeongoza kwa mara ya kwanza hushindwa kuvumilia kimya, huanza kuongea sekunde ya 20. Mpe saa ya ukutani aitazame.