Klasi ya Rundo irithi klasi ya Orodha, au iibebe ndani yake?

Mtahiniwa wa Kidato cha Sita
Habari zenu wakuu. Ninaandika kwa Java programu ya kukagua kama mabano ya mlinganyo yamefungwa sawasawa, na kwa kazi hiyo ninahitaji rundo, ambamo kilichoingia mwisho ndicho hutoka kwanza. Kwa kuwa nilikwisha kuandika klasi (yaani kiolezo cha data pamoja na mbinu zake) ya Orodha, inayoweza kuingiza na kufuta kipengele mahali popote, niliifanya klasi ya Rundo iirithi, yaani ipokee mbinu zake, kisha nikaongeza mbinu mbili tu: sukuma, inayoweka kitu juu ya rundo, na chomoa, inayotoa kilicho juu. Programu inatoa majibu sahihi, ila mwenzangu anashikilia kwamba Orodha ingepaswa kuwa sehemu binafsi ndani ya Rundo. Ikiwa majibu ni yale yale, ubaya uko wapi?

Mwalimu wa Kompyuta
Mwenzako yuko sahihi, na ubaya wenyewe hauonekani katika majibu bali katika yale ambayo klasi yako inayaruhusu. Fuatilia maandishi ( [ ] ). Unasukuma ( kisha [, ukifika kwenye ] unachomoa [, zinalingana, ukifika kwenye ) unachomoa (, na rundo likibaki tupu mabano yamekamilika. Ukaguzi wote huo unategemea ahadi moja, kwamba kinachochomolewa ndicho kilichosukumwa mwisho. Sasa, kwa kuwa klasi tanzu hupokea kila mbinu ya hadharani ya klasi mama, yeyote mwenye Rundo lako anaweza kuita ingiza(0, x) na kupenyeza kitu chini kabisa, na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, haitamzuia.

Waundaji wa Java nao walipita njia hiyo hiyo. Klasi ya Stack (rundo), iliyokuwamo tangu toleo la mwaka 1996, inarithi Vector, ambayo ni aina ya orodha, na hadi leo inakubali kipengele kiingizwe katikati. Nyaraka rasmi za Java zinashauri kutumia Deque, yaani foleni yenye ncha mbili, badala yake, kwa mfano ArrayDeque iliyokuja na Java 6.

Mwandishi wa programu
Kwa wanaotumia C++, std::stack haikurithi muundo wowote wa data. Inauhifadhi mmoja ndani yake, ambao ni deque usipotaja mwingine, na unaweza kuweka vector au list. Mimi huona kwamba uhuru huo wa kubadilisha cha ndani bila kuwagusa wanaoitumia klasi una uzito kuliko hata ulinzi anaouzungumzia Mwalimu.

Mtahiniwa wa Kidato cha Sita
Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe ndugu. Nimeibadilisha. Je, na foleni niiandike vivyo hivyo, Orodha yangu ikiwa ndani? Orodha hiyo inatumia safu, yaani nafasi zilizopangwa mfululizo na kupewa namba kuanzia 0.

Mwandishi wa programu
Kwa upande wa ahadi, ndiyo; kwa upande wa kasi utaumia. Foleni hutolewa mbele, na kila unapofuta kipengele cha nafasi ya 0 katika safu, vyote vilivyobaki husogezwa hatua moja. Foleni ya vipengele 10,000 ukiimaliza kwa njia hiyo, utakuwa umefanya misogeo karibu milioni 50.

Tumia safu ya mzunguko. Usisogeze chochote, tunza namba mbili, yaani nafasi ya mbele na idadi ya vilivyomo. Tuseme safu ina nafasi 5, mbele ni nafasi ya 3 na vilivyomo ni 3: vimekaa katika nafasi za 3, 4 na 0. Kijacho kitakwenda wapi? Jumlisha mbele na idadi upate 6, gawanya kwa 5, baki ni 1. Basi kinaingia nafasi ya 1. Kutoa ni kusogeza mbele kwa hatua moja kwa hesabu hiyo hiyo ya baki, na kupunguza idadi. Safu ikijaa, unda kubwa zaidi na unakili vipengele kuanzia mbele, kwani ukianzia nafasi ya 0 zamu za foleni zitavurugika.