Spana malaya, pipe renchi, plaizi ya pampu: ninunue ipi kwa kazi ya maji?

bomba_arua: Wakuu, naomba ushauri. Kazi ni maji ya majumbani huku Arua, Uganda: koki, GI (mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki) za nusu inchi na robo tatu, na siku hizi PPR (mabomba ya plastiki ya kuchomelea kwa joto) nyingi. Hela inatosha vifaa viwili vya maana. Naona spana malaya (ya kurekebisha upana wa taya) inchi 10, pipe renchi (ya meno, ya kushika bomba) inchi 14, plaizi ya pampu (ya taya za kurekebisha) na vaisigripu (plaizi inayojifunga). Nati za shaba zinalika pembe, koki za kromu zinachubuka. Shida ni kifaa au mkono?

fundi_kisenyi: Vyote viwili, ndugu. Nati ni kazi ya spana malaya. Ya inchi 10 hufunguka karibu mm 28 hadi 30, kwa hiyo nati ya kompresheni (inayobana kiungo bila kuchomelea) ya bomba la mm 15, ambayo mara nyingi ni mm 24, inaingia vizuri. Pembe hulika taya likiachwa legelege. Ivalishe kwenye nati mpaka ndani, kaza kigurudumu, itikise kidogo, kaza tena. Kisha vuta kuelekea upande wa taya linalosogea, ili mzigo uangukie taya lisilosogea. Ukivuta kinyume, taya dogo linaachia na spana inateleza.

Dukani, shika taya linalosogea ulitikise. Likicheza sana, iache hapo hapo. Zibananishe taya, tazama kwenye mwanga: ufa ulio mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili maana yake hazilingani, na hiyo itakula nati hata mikononi mwa fundi mzuri.

mama_fitingi: Kwa GI huna njia ya mkato, pipe renchi. Ya inchi 14 inashika mpaka inchi 2. Inauma upande mmoja tu, na inauma kwa sababu taya la juu linalegea kidogo na kujivuta kwenye bomba. Kwa hiyo acha nafasi kati ya bomba na mgongo wa taya, usisukumize bomba hadi ndani. Isiguse nati wala kromu kamwe, meno yake ni ya vitu vya duara. Na kwenye elbo (kiungo cha kona) ya zamani unahitaji mbili: moja izuie, nyingine izungushe. Bila hivyo unalegeza kiungo cha ndani ya ukuta, na hapo utabomoa plasta.

fundi_kisenyi: Kweli kabisa. Plaizi ya pampu inaweza kuwa ya kuzuia, ila kwenye koki ya kromu weka kitambaa kinene kwanza. Vaisigripu ni ya nati iliyokwisha kuharibika. Ikishaibana, nati hiyo ni ya kutupa.

bomba_arua: Asanteni. Na PPR yenye uzi wa shaba?

mama_fitingi: Hapo spana malaya, na mkono mwepesi. Shika sehemu yenye pembe za kushikia, usishike plastiki ya duara. Ukikaza kupita kiasi, shaba inazunguka ndani ya plastiki au plastiki yenyewe inapasuka, na dawa ni kukata na kuchomelea kipya. Wengi hukaza hivyo kwa sababu tefloni (utepe wa kuziba nyuzi) ni chache. Kwa nusu inchi zungusha mara 8 hadi 10, kufuata mwelekeo wa kukazia, ukiivuta ikae ndani ya nyuzi. Anza kwa mkono, malizia kwa spana mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu. Ikivuja, fungua uongeze tefloni. Usiongeze nguvu.