Mdakaji wa darasa la 11 na ukimya baada ya Agosti 1

Mzazi wa Mdakaji

Habari zenu, ndugu. Kijana wetu anaanza darasa la 11 (mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari) hapa Marekani, na ni mdakaji, yule anayepokea mipira nyuma ya mpigaji, katika timu ya besiboli ya shule yake na katika timu nyingine ya majira ya joto. Tulikuwa tumeelezwa kwamba Agosti 1 ndiyo siku ambayo makocha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kati ya tatu za NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), huruhusiwa kuanza kuzungumza na wanafunzi wa rika lake. Wenzake wawili walianza kupigiwa simu saa sita ile ile ya usiku, naye mpaka leo hajapata hata ujumbe. Kocha wa timu ya majira ya joto anasisitiza kwamba tulipie mashindano matatu ya maonyesho, ambako vijana hucheza na kupimwa ili makocha wa vyuo wawaone, msimu huu wa vuli, la sivyo nafasi zitajaa. Kijana mwenyewe hataki kusikia habari za chuo chochote kilicho nje ya Divisheni ya Kwanza. Je, ni kweli tumechelewa, na fedha hizo tuzielekeze huko?

Kocha wa Benchi

Ndugu Mzazi, hamjachelewa, ila inafaa mwelewe ni akina nani hupigiwa simu usiku ule. Kanuni ya sasa, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamzuia kocha wa Divisheni ya Kwanza kufanya mazungumzo ya kumwania mchezaji kabla ya Agosti 1 inayotangulia darasa la 11. Zamani watoto wa darasa la 8 na la 9 walikuwa wakitoa ahadi za mdomo kwa vyuo, ahadi ambazo hazikumfunga yeyote, si mtoto wala kocha. Siku hizi kocha hungoja tarehe, lakini kutazama hakukatazwi, kwa hiyo wanaopigiwa simu saa sita usiku ni wachache ambao majina yao yamekaa kwenye daftari lake muda mrefu. Kwa wengine wote, tarehe hiyo ni mwanzo tu wa mazungumzo.

Utazameni pia mwaka wa kocha mwenyewe. Mwezi Juni wachezaji wa vyuo huingia kwa wingi katika mfumo wa uhamisho, na mwezi Julai hufanyika drafti ya MLB, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya kulipwa, ambayo huweza kumnyang'anya nyota wake wa mwaka wa tatu pamoja na kijana wa sekondari aliyekwisha kusaini naye. Agosti inapofika, bado anahesabu waliobaki. Tena drafti yenyewe ilipunguzwa kutoka raundi 40 hadi 20 kuanzia mwaka 2021, hivyo vijana wengi ambao zamani wangeanza kulipwa moja kwa moja sasa hupitia vyuoni.

Hapo ndipo ugumu wa mdakaji unapoanza. Baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House, yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji wao, mwezi Juni 2025, chuo kilichojiunga na mpango huo hakiruhusiwi kuwa na wachezaji wa besiboli zaidi ya 34, ingawa kikomo cha zamani cha ufadhili kamili 11.7, uliogawanywa kati ya wachezaji wa timu nzima, kimeondolewa. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka mtakapokumbuka kwamba karibu nusu yake ni warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, na kwamba wadakaji kwa kawaida ni watatu au wanne. Aidha, tangu mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, na tangu mwaka 2024 anaweza kuhama mara nyingi mradi masomo yake yako sawa. Kocha anayeweza kumchukua mdakaji wa miaka 22, ambaye amekwisha kudaka mipira ya warushaji wa chuo, anahitaji sababu nzito ya kumpa nafasi hiyo kijana wa miaka 18.

Kwa hiyo nawashauri mfungue orodha za timu kwenye tovuti za vyuo, mtazame wadakaji wako mwaka wa ngapi na walitoka wapi. Chuo chenye wadakaji wawili wa mwaka wa kwanza hakitamhitaji kijana wenu atakapomaliza shule. Chuo ambacho kila mdakaji wake ametoka chuo kingine kinawaonyesha desturi yake bila kusema neno. Kazi hiyo ni bure, na faida yake inazidi ya mashindano matatu ya kulipia. Maonyesho makubwa mngeyaacha kwanza, akahudhuria kambi ndogo ya chuo ambacho kocha wake amejibu barua yake kwa jina.

Mama Mrushaji

Nakubaliana na Kocha kwa mengi, isipokuwa hilo la mwisho. Onyesho moja lina maana, kwa sababu huko vipimo huchukuliwa na mtu asiye mzazi wala kocha wa mtoto, na makocha wa vyuo huviamini zaidi. Kwa mdakaji, wanachokitazama kwanza ni muda unaopita tangu mpira ugonge glavu yake mpaka ufike kwenye glavu ya mwenzake aliyeko besi ya pili, umbali wa futi 127 na ushee. Akifanya hivyo kwa sekunde 2 au pungufu, barua yake itasomwa. Lakini onyesho la pili na la tatu ndani ya msimu uleule hupima mkono uleule, na mwenye kunufaika hapo ni mwandalizi.

Kuhusu kukataa vyuo vingine, mwanangu alikuwa na msimamo huohuo, na aliyembadilisha ni kocha mmoja aliyemwambia wazi kwamba angekaa benchi miaka miwili. Alikwenda chuo cha miaka miwili, akarusha mara kwa mara dhidi ya vijana wenye nguvu, na sasa vyuo vya miaka minne vinamtafuta kwa sababu ile ile iliyotajwa hapo juu: yeye ndiye mchezaji aliyekwisha kuonekana akicheza. Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilifahamu ni kwamba mchezaji wa chuo cha miaka miwili anaweza kuchaguliwa katika drafti kila mwaka, ilhali anayekwenda chuo cha miaka minne kwa kawaida husubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au atimize miaka 21. Kabla ya kukubali, ulizeni masomo gani yatahesabiwa atakapohama, maana hapo vijana wengi hukwama.

Mshauri wa Masomo

Naongeza dogo tu, ingawa kwangu ndilo la kwanza. NCAA humtaka mwanafunzi anayeingia Divisheni ya Kwanza awe na masomo ya msingi 16, yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari. Nimekutana na wazazi wanaotaja kasi ya mtoto kwa nukta ya desimali, nao hawajui alama yake ya hisabati. Vyuo vya Divisheni ya Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Fedha zao hufuata alama na hali ya familia, na makocha wao hawafungwi na Agosti 1, wanaweza kuzungumza naye hata leo.

Mzazi wa Mdakaji

Nawashukuru sana. Jioni ya leo tumefungua orodha za vyuo kumi na viwili alivyokuwa akivitamani, na katika saba hakuna mdakaji hata mmoja aliyetoka sekondari moja kwa moja. Amenyamaza kidogo, kisha akaomba tutafute na vya Divisheni ya Pili. Kocha akipiga simu, ni swali gani lisilopaswa kukosekana?

Kocha wa Benchi

Amwache kocha aeleze anavyompenda, kisha aulize kwa adabu: "Katika kundi la mwaka wangu wa kuingia chuo mnachukua wadakaji wangapi, na baada ya msimu wenu kwisha mnatarajia kuongeza mwingine kupitia uhamisho?" Anayemtaka kweli hujibu kwa idadi. Akizungukazunguka, msimwondoe kwenye orodha, ila msiache kuwaandikia wengine kwa sababu yake, kwa kuwa ahadi ya mdomo haina nguvu mpaka mkataba wa ufadhili utiwe saini, na hilo halifanyiki kabla ya mwezi Novemba wa darasa la 12. Swali hilo aulize yeye mwenyewe, wewe ukiwa chumba cha pili.