Mrejesho: zile paipu ndani ya nguzo za msingi

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu kufunga paipu za plastiki kwenye nondo za nguzo za msingi, maji yazunguke humo yavute joto la ardhini kupasha jengo kipindi cha baridi na kulirudisha ardhini kipindi cha joto, na mbona kipimo kilitoa joto kidogo kuliko hesabu yangu.

Kumbe kosa ni udongo! Nilihesabu kama mchanga wote umelowa, yaani unapitisha joto wati 2 hivi kwa mita kwa digrii, kumbe maji ya ardhini yako chini kabisa na nusu ya juu ya nguzo imekaa kwenye mchanga mkavu ambao hata nusu wati haufiki, sasa hapo joto litapita wapi jamani. Zege lenyewe halina shida. Aliyenishauri tuzungushe maji ya moto siku kadhaa tupime yanavyoingia na kutoka, asante sana, bila hicho kipimo ningeendelea kulaumu pampu bure.

Lile la nguzo kutanuka ikipata joto nalo nimelipigia hesabu, mita 20 ikipanda digrii 10 ni kama milimita 2 tu ikiwa haijabanwa, injinia kaliingiza kwenye hesabu ya mzigo wa nguzo.

Kinachonikosesha usingizi bado ni mizani ya joto linaloingia na kutoka ardhini mwaka mzima, maana tunapooza jengo kuliko tunavyolipasha, na tukiacha hivyo ardhi itazidi kupata joto kila mwaka, kwa hiyo tunaongeza mnara wa kupoozea, ule unaotupa joto hewani, ubebe ile ziada.